Bwana Nyama na Ramani ya Faru

Kwa miaka yote niliyomfahamu Bwana Nyama, sikuwahi kumsikia akisema kwamba mnyama fulani hakuna, isipokuwa mara moja, na hiyo nitaifikia. Yeye alisema, "Sijamwona." Ukimbana, ukamwambia si akubali tu kwamba faru wamekwisha, alikutazama kama mtu aliyesikia mgonjwa wake akitangaziwa msiba, kisha akajibu polepole, "Mwalimu, mimi sijamwona. Kwisha ni neno jingine."

Kwetu kusini askari wa wanyamapori huitwa bwana nyama, na jina hilo lilimganda huyu hata baada ya kazi yenyewe kumtoka. Nilimkuta Nanganga nilipohamishiwa shule ya pale, nyumba yangu ikitazamana na uwanja wake. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya kipande cha sabuni, ghafla tukawa na sabuni za kuchagua rangi, mitumba ikatandazwa kando ya barabara ya Masasi, na wanunuzi wa korosho wakaanza kuja na magari yao wenyewe badala ya mambo yote kupitia chama cha ushirika. Katika upepo huohuo serikali ikapunguza wafanyakazi, na Bwana Nyama akapata barua. Alirudisha bunduki, akarudisha sare, akarudisha hata buti. Mtunza stoo aliyapindua yale mabuti, akatazama soli zilivyolika, akamwuliza kama alikuwa akiyatafuna.

Asubuhi iliyofuata nilimwona akitoa baiskeli yake kuelekea bonde la Ruvuma kama siku zote.

"Shikamoo, Bwana Nyama. Nimesikia wamekupunguza."

"Marahaba. Wamepunguza mshahara, Mwalimu. Miguu hawajaigusa."

Na kweli miguu yake ilikuwa kitu cha kutazama. Alikuwa mwembamba, amepinda kidogo mabegani, na alikanyaga kwa ukingo wa nje wa unyayo kwanza, kisha akaushusha uliobaki taratibu, kama mtu anayepita chumba alimolala mtoto. Alitembea hivyo porini, alitembea hivyo sokoni. Ulikuwa unasikia "hodi" ukageuka na kumkuta tayari yuko barazani, na hukujua amefika saa ngapi. Mama yangu mzazi, alipokuja kunitembelea, aliniomba nimnunulie jirani yangu kengele.

Mtu huyo aliyewahi kusimama hatua chache kutoka kwa faru mwenye hasira, na ambaye alikuwa na kovu la chui begani, aliogopa mbwa. Simaanishi mbwa mkali. Simaanishi hata mbwa mkubwa. Kulikuwa na kijibwa kimoja pale kijijini, kimezeeka, hakina meno, na Bwana Nyama alikizunguka kwa mbali, baiskeli akiiweka katikati yao. Nilipomcheka hakukasirika. Alisema mnyama wa porini unajua anataka nini, ila mbwa ana mambo ya binadamu ndani yake.

Alikuwa mkali kwa sheria, na hapo ndipo wengi walipomchukia. Enzi za kazi yake alimkamata shemeji yake mwenyewe, kaka wa mkewe, akiwa na mitego ya waya, akampeleka kituoni akiwa ameshikilia baiskeli kwa mkono mmoja na shemeji kwa mwingine. Mkewe alikasirika, na kwa wiki nzima akampakulia ugali mkavu bila mboga. Bwana Nyama aliula kwa chumvi, kila siku akiusifu, mpaka mke mwenyewe akashindwa, akacheka. Lakini mtu huyohuyo mkali, ukimletea habari kwamba bibi fulani mjane amenasa digidigi shambani kwake, aliuliza kwanza, "Ana mboga nyingine?" Akiambiwa hana, alisema amesahau njia ya kwenda huko.

Faru ndiye aliyekuwa na moyo wake wote. Alinifundisha mambo ambayo mwalimu wa chuo hakuwahi kunifundisha. Siku moja alinivulia kofia mezani, ndani mkiwa na vijiti viwili. "Hiki kimeliwa na tembo, kimechanika, unaona nyuzi. Hiki kimekatwa mshazari, safi, kama kwa panga. Huyo ni faru." Kijiti cha pili kilikuwa kikavu, cheusi, cha miaka mingi. Alikihifadhi kwenye kopo la chai. Alisema faru haoni mbali, ndiyo maana anakimbilia kila kinachomtisha, na watu wanamwita mkorofi. "Si mkorofi. Ni mtu asiyeona vizuri aliyeachwa peke yake kwenye nyumba yenye wezi."

Alipokosa kazi ndipo alipoanza kazi yake kubwa. Alitaka kujua faru waliishi wapi zamani, wapi wamebaki, na waliondokaje katikati ya hapo. Aliendesha baiskeli kutoka Nanganga hadi Masasi, akapanda milima mpaka Newala na Mkunya, nyumba kwa nyumba, akiwauliza wazee. Maswali yake yalikuwa matatu tu: ulimwona wapi mara ya mwisho, ulimwona lini, na unajuaje kwamba ilikuwa mwaka huo. Hilo la tatu ndilo lililomchukua muda. Mzee mmoja alikumbuka kwa njaa, mwingine kwa unyago wa binti yake, mwingine kwa mwaka paa la kanisa liliporushwa na upepo. Yeye mwenyewe aliandika kwa shida, hivyo kila Jumapili nikitoka ibadani alikuja na kumbukumbu zake kichwani, mimi nikaandika kwenye daftari la shule. Mimi Mkristo wa misheni kwa vizazi vitatu, yeye akikatisha maelezo kwenda kuswali alasiri, kisha akirudi na kuendelea palepale alipoishia.

Hakudharau jibu la mtu yeyote. Kuna siku alirudi kutoka kijiji cha mpakani na habari ya mzee aliyesema aliona kifaru miaka ya vita vya ng'ambo ya mto.

"Nikamwuliza, alikuwa na pembe ngapi? Akasema moja, ndefu. Nikauliza, alikuwa anakula nini? Akasema alikuwa anakunywa dizeli."

Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka. Yeye alingoja nimalize. "Usicheke, Mwalimu. Andika. Mzee ameulizwa kifaru, amejibu kifaru. Andika pembeni kwamba ni cha jeshi."

Kutoka kwenye daftari tulichora ramani, kwenye karatasi nne za manila nilizoziunganisha kwa uji wa ngano. Walioonwa na wazee sana tuliwatia nukta nyekundu, walioonwa na watoto wao nukta za bluu, wa miaka ya karibuni penseli. Nyekundu zilijaa kila mahali: bondeni, kando ya vilima vya mawe vya Masasi, hata juu kwenye uwanda, katika vichaka vizito ambavyo sasa ni mikorosho na mihogo. Wazee wa Kiyao waliwaita chipembere na walikumbuka mababu wakizunguka nusu siku kukwepa mmoja aliyelala njiani. Bluu zilikuwa chache. Za penseli ungeweza kuzifunika kwa kiganja.

Kwa nukta nyingi za upande wa magharibi hakuwauliza wazee. Alizitaja mwenyewe, moja baada ya nyingine, sauti yake ikizidi kushuka, mpaka nikaacha kuandika.

"Hizi umezijuaje?"

"Nilikuwapo. Nilikuwa kijana, naonyesha nyayo. Wazungu walikuwa wanafungua mashamba, trekta zinataka kupita, na faru hapishi trekta. Mimi naonyesha, wao wanapiga." Alinyoosha mikono yake miwili akaitazama. "Vidole vya mikono vilipokwisha nikahesabu vya miguu. Navyo vilipokwisha nikaacha kuhesabu."

Nikamwuliza kama nizitie rangi nyingine hizo. Akasema hapana, faru ni faru, ziwe nyekundu kama za wenzao.

Kulikuwa na nukta moja ambayo haikuwa kwenye ramani hiyo. Niliijua kwa sababu kuna Jumapili alikuja na furaha aliyoshindwa kuificha, akanywa chai yangu vikombe viwili, na mwishowe akaniambia kwa sauti ya chini kwamba amewaona. Wawili. Mama na mtoto wake, karibu na Ruvuma. Mahali penyewe hakunitajia na mimi sikuuliza. "Hili tusiliandike," alisema. "Karatasi ina miguu."

Karatasi haikuwa na miguu, lakini habari ya ramani ilikuwa nayo. Msimu wa korosho uliofuata alikuja Nanganga mnunuzi mmoja kutoka mjini, mtu mchangamfu, mwenye pikapu na vijana wa kupakia magunia. Kwetu alikuwa mtu mwema, alinunua bila kuchagua sana. Siku ya tatu alifika kwa Bwana Nyama na mfuko wa sukari na redio mpya, akakaa mkekani kama mkwe. Nilikuwa nimekuja kuazima kinu, nikamsikia.

"Mzee wangu, nasikia wewe ndiye unayejua wanyama wa huku wote. Kuna wageni wangu wanapenda sana faru. Wanataka kumwona tu."

"Kumwona tu wanakuja na nini?"

Mnunuzi alicheka. "Mzee, serikali imekuacha hivihivi. Sisi hatuwezi kukuacha."

Bwana Nyama alimwambia arudi baada ya siku nne. Kesho yake alikwenda mjini, kwenye ofisi ya wanyamapori, akamweleza mkubwa mmoja kila kitu. Yule mkubwa akamsikiliza, akamshukuru, akamwambia akapumzike. Siku iliyofuata yule mnunuzi alipita kwa gari, akapunguza mwendo, akamwambia akitabasamu, "Mzee, safari ya mjini ilikuwa ndefu bure." Hapo Bwana Nyama akajua kwamba hana pa kwenda.

Alinijia shuleni wakati wa mapumziko, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Mwalimu, nichoree ramani nyingine. Iwe na nukta moja zaidi."

"Ya wale wawili?"

"Hapana." Akanionyesha kwa kidole korongo kavu nyuma ya vilima vya mawe, mbali kabisa na mto. "Hapa."

Nilimwambia sitaki. Nilimwambia mimi ni mwalimu, nafundisha watoto wasidanganye, na nikichora uongo ni uongo wangu pia.

"Basi tugawane," alisema. "Wakikosa hapo watachoka, msimu utakwisha, wataondoka. Wasipopewa kitu watatafuta wenyewe, na wale wawili wana njia moja tu ya kwenda majini."

"Na hapo korongoni kuna nini?"

"Hapo hakuna kitu."

Hiyo ndiyo mara moja niliyoisema. Nilikuwa na haraka, kengele ilikuwa inakaribia, sikulisikia neno lile mpaka baadaye. Nilichora.

Siku ya nne mnunuzi alirudi, akapewa ramani ile, akaamini kwamba mzee amesalimu amri. Alituma watu wawili wenye bunduki, na akawapa mmoja wa vijana wake wa magunia awabebee maji na vyakula. Kijana huyo aliitwa Bakari, mtu wa Mkunya, mcheshi, alikuwa na mke mwenye mimba nyumbani. Korongoni mlikuwa na nyati dume mzee, mwenye jeraha bichi la mtego. Wale wawili wenye bunduki walipanda mtini. Bakari alikuwa na dumu kichwani.

Aliletwa Nanganga amefungwa kwenye machela ya matawi. Bwana Nyama ndiye aliyesimamisha lori barabarani, ndiye aliyepanda naye nyuma, akamshika mguu usicheze mpaka hospitali ya misheni. Bakari alipona, lakini goti halikukunja tena, na nyonga ilibaki upande. Mnunuzi alirudi kwa Bwana Nyama mara moja tu.

"Mzee, umenidanganya."

"Ile ni ramani ya wazee," alijibu. "Wazee husahau."

Akamrudishia redio yake na mfuko wa sukari, haujafunguliwa. Mnunuzi hakuonekana tena Nanganga. Bondeni haikulia bunduki msimu ule. Tulikuwa tumepata tulichokitaka, na kwa miezi mingi hatukuweza kutazamana usoni.

Kuanzia mwaka huo, kila mvua za kwanza zilipokaribia, Bwana Nyama alipanda Mkunya na jembe limefungwa kwenye baiskeli. Alimlimia Bakari shamba la mihogo, akampalilia mikorosho, na ulipofika wakati wa salfa, ile dawa ya ukungu, alirudi kuipuliza, akishuka kwetu na nyusi za njano. Watu walipouliza anakwenda wapi, alisema bado anauliza wazee. Daftari lilikuwa limejaa zamani. Mimi nilimtumia Mama Zuhura, mke wa Bakari, nguo za mtoto, na baadaye madaftari ya mtoto, na nikajiambia kwamba inatosha. Nilijua haitoshi.

Ikapita miaka mingi. Siku moja akaja Nanganga ofisa kijana wa wanyamapori, aliyesoma, akiuliza kama ni kweli kuna mzee mwenye ramani ya faru. Bwana Nyama alimweka siku tatu bila kumjibu. Alimpa jembe, wakalima pamoja. Alimpeleka porini makusudi kwenye njia ndefu, akamtazama anavyokanyaga. Siku ya nne alikuja kwangu, akaniomba ile ramani iliyokuwa juu ya kabati langu, akamkabidhi kijana yule pamoja na lile daftari.

"Umemwaminije?" nilimwuliza.

"Jana alikosea njia, akasema amekosea. Wakubwa wake hawakuwahi."

Waliondoka na gari, wakakaa huko wiki moja. Bwana Nyama aliporudi alikuwa amechoka, macho yanamtoka machozi kwa vumbi, au ndivyo alivyosema. Nikamwuliza wameona nini. Akanijibu kwamba wameona nyayo, na kwamba kijana amepima kila kitu kwa kamba, akaandika, na ameahidi doria zitafika hadi mtoni. Zaidi ya hapo hakuniambia, akaenda kulala.

Mara ya mwisho kuwa naye mahali pamoja nilikuwa nimeshastaafu, naishi Newala kwa binti yangu. Alifika mlangoni bila kutangulia kutuma habari. Alikuwa amepanda basi kutoka Masasi peke yake, mtoto wa jicho ameyafunika macho yake yote mawili kama maziwa.

"Mwalimu, nataka unipeleke Mkunya kwa Bakari. Kuna neno nimekaa nalo sana."

Sikuuliza neno gani. Tulipanda bodaboda moja, mishikaki, yeye katikati na mimi nyuma nimemshika kiuno. Dereva akamwuliza kama anaogopa mwendo. Alimjibu aende apendavyo, mradi asimpitishe penye mbwa.

Bakari alikuwa barazani, ameketi kwenye mkeka, mguu mbovu ameunyoosha, anachambua korosho. Alikuwa ameota mvi. Mama Zuhura alikuwa anapepeta unga karibu yake. Tukasalimiana, wakatuletea maji, tukaulizana habari za mvua na za watoto. Kisha Bwana Nyama akaweka kikombe chini.

"Bakari, ile ramani iliyowapeleka korongoni niliitengeneza mimi kwa makusudi. Faru walikuwa bondeni, nami nilijua. Nikawapeleka nyinyi mahali pengine."

"Na mkono uliochora ni wangu," nilisema.

Ungo wa Mama Zuhura ulinyamaza. Bakari aliendelea kuchambua korosho tatu au nne.

"Ungetuambia tu tusiende," alisema.

"Mngekwenda."

Bakari alifikiri. "Wale wangekwenda. Na mimi ningekwenda. Nilikuwa sina hata shati." Aliziweka korosho pembeni. "Kwa hiyo miaka yote hii unakuja kunilimia kwa sababu hiyo?"

"Ndiyo."

"Mimi nilidhani unanipenda tu."

Bwana Nyama alikitafuta kikombe kwa kupapasa, akakisogeza kando.

"Mwaka wa kwanza nilikuja kwa ajili ya mguu," alisema. "Hiyo mingine, Bakari, sikuja kwa ajili ya mguu."

Mama Zuhura aliinuka, akaenda jikoni, tukasikia akikoka moto. Bakari alilitazama goti lake, akalisugua kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza mnyama. Nilidhani atatufukuza, na nilikuwa tayari kufukuzwa.

"Walikuwa wangapi?" aliuliza.

"Wawili. Mama na mtoto."

"Mtoto dume au jike?"

"Wakati ule sikujua. Sikuwakaribia." Bwana Nyama aligeuza yale macho meupe kuelekea sauti ilikotoka. "Nilijua nilipokwenda na yule kijana wa serikali. Unyayo wake naufahamu. Ni jike, Bakari. Nyuma yake palikuwa na unyayo mwingine, mdogo, haujatimia kiganja changu."

Hata mimi alikuwa hajaniambia hilo. Alikuwa amelibeba miaka yote, na nikaelewa kwamba hakutaka kumwambia mtu yeyote kabla ya huyu.

Bakari aliushika mguu wake mbovu kwa mikono miwili, akauvuta upande mmoja, mkeka ukapata nafasi.

"Sogea huku, Bwana Nyama," alisema. "Hapo ulipo jua limekufika."